Namba ya Soko la London: Mambo Yaipandishayo na Yaishushayo



Jioni moja, katika chuo cha ualimu ninakofundisha, wanafunzi walikuwa wamekusanyika kusikiliza habari za redio. Msomaji wa habari alipokwisha kueleza mambo mengine, alitia maneno machache juu ya London: kwamba sarafu ya Uingereza imeanguka, na kwamba namba ya soko la hisa imepanda. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, yawezekanaje mtu mmoja kuanguka na kupanda kwa wakati mmoja? Ikiwa fedha yao imepungua nguvu, mbona soko lao lafurahi?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana swali lile lilikuwa jema kuliko majibu mengi. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe siku mbili." Mazungumzo haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila mtu aisikiaye namba ile akadhani kwamba ameambiwa hali ya nchi nzima.

HISA NI NINI

Tuanze na jambo lililo karibu nasi. Watu kumi wakichanga fedha sawasawa wakaunda jahazi, kila mmoja ana fungu moja katika mafungu kumi ya jahazi lile. Likileta faida, hugawana. Likizama, kila mmoja amepata hasara ya fungu lake. Fungu hilo ndilo hisa, na kampuni kubwa ni kama jahazi ambalo wenye mafungu ni maelfu kwa maelfu.

Sasa, mmoja wa wale kumi akitaka kuuza fungu lake, atauza kwa bei gani? Mnunuzi hatazami mbao na misumari tu. Atauliza habari za mbele: msimu ujao utakuwaje? Mizigo itapatikana? Nahodha ni mtu wa namna gani? Akiona dalili njema, atatoa fedha nyingi. Akiona wingu, atatoa chache. Kwa hiyo bei ya hisa si bei ya kitu kilivyo leo. Ni bei ya matumaini ya watu juu ya kesho. Neno hili lishikeni, maana mengine yote yatatoka humo.

Huko London biashara hii haikuanzia katika jumba kubwa. Mwishoni mwa karne ya 17 madalali walikutana katika mkahawa wa mtu aitwaye Jonathan, katika kichochoro kiitwacho Exchange Alley. Mwaka 1698 mtu mmoja, John Castaing, alianza kutoa karatasi ya kuonyesha bei, ili wafanya biashara wazijue. Siku hizi kelele za madalali zimekwisha; tangu mwaka 1986 biashara ilihamia katika mashine. Soko hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na nusu, kwa saa za London. Lakini kazi yake ni ile ile ya mkahawani: mmoja auza, mwingine anunua, na bei hukaa mahali wanapopatana.

NAMBA YENYEWE

Hisa zinazouzwa London ni za kampuni nyingi mno, wala hapana mtu awezaye kuzitaja bei zote katika habari za jioni. Kwa hiyo iko namba moja ya kuzijumlisha kampuni 100 zilizo kubwa kupita zote katika soko lile. Jina lake ni FTSE 100. Herufi F na T zatokana na gazeti la Financial Times, na S na E zatokana na jina la Kiingereza la soko la hisa. Waingereza hulitamka kwa mkato, kama mtu asemaye "Futsi". Ilianza tarehe 3 Januari 1984, ikapewa 1000 kuwa mahali pa kuanzia. Mwaka 2025 ilipita 9000. Kila miezi mitatu kampuni hupimwa upya: iliyopungua hutolewa, na iliyokua huingizwa mahali pake.

Je, huhesabiwaje? Tuchukue mfano mdogo, wa kampuni tatu tu. Hisa zote za kampuni ya kwanza, kwa bei ya leo, ni shilingi 60,000. Za pili ni shilingi 30,000. Za tatu ni shilingi 10,000. Jumla ni 100,000, nasi twaipa jumla hii namba 1000. Kesho bei ya hisa za kampuni ya kwanza ikipanda kwa sehemu moja ya kumi, jumla itakuwa 106,000, na namba itakuwa 1060. Lakini kama ni kampuni ya tatu iliyopanda kwa kadiri ile ile, jumla itakuwa 101,000 tu, na namba itakuwa 1010.

Mwaona basi kwamba kampuni 100 hizi hazina sauti sawa. Kubwa huvuta kamba kwa nguvu, na ndogo hufuata. Kwa miaka mingi miongoni mwa zilizo nzito zaidi zimekuwa HSBC, ambayo ni benki; Shell na BP, wachimbaji wa mafuta; AstraZeneca, watengenezaji wa dawa; na Unilever, wenye sabuni na vyakula. Wahenga walisema, "Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo." Katika namba hii papa ndiye avumaye. Duka la mkate la mjini Leeds, mkulima wa viazi, fundi wa viatu, hawamo kabisa.

FAIDA YA KAMPUNI

Sasa tuyaangalie mambo yaisukumayo namba hii. La kwanza ni faida ya kampuni zenyewe. Kampuni ikitangaza kwamba imepata zaidi ya ilivyotazamiwa, watu huzitaka hisa zake. Ikipatwa na msiba, huzikimbia. Na ikiwa ni kampuni nzito, huivuta namba nzima chini.

Tarehe 20 Aprili 1990 na kitu haikuwa; nawaambia tarehe kamili: 20 Aprili 2010, chombo cha kuchimbia mafuta kilichoitwa Deepwater Horizon, kilichokuwa kikifanya kazi kwa BP katika Ghuba ya Mexico, kililipuka. Watu 11 walikufa, na mafuta yakamwagika baharini kwa muda wa miezi karibu mitatu. Mpaka mwisho wa Juni hisa za BP zilikuwa zimepoteza karibu nusu ya bei yake, na kampuni ikaacha kwa muda kuwagawia wenye hisa faida yao. Huko Uingereza akiba za uzeeni za wafanyakazi wengi huwekwa katika hisa kama hizo. Basi moto uliowaka katika bahari ya Marekani uliigusa akiba ya mwalimu mstaafu wa kijiji cha Uingereza, ambaye pengine hajakiona chombo cha mafuta maisha yake yote.

BEI YA MAFUTA NA SHABA

La pili ni bei ya vitu vitokavyo ardhini. Katika kampuni zile 100 wamo wachimbaji wakubwa wa mafuta, chuma na shaba. Mmoja wao ni Glencore, ambayo imechimba shaba na kobalti karibu na Kolwezi, katika Kongo, mahali ambapo Kiswahili husikika katika masoko na katika machimbo. Viwanda vya China vikihitaji shaba nyingi, bei hupanda, na kampuni za namna hii hunenepa. Viwanda vikipunguza kazi, hukonda, na namba ya London hukonda pamoja nazo.

Mwaka 2022 jambo hili lilionekana wazi. Tarehe 24 Februari jeshi la Urusi liliivamia Ukraine, na bei ya mafuta na ya gesi ikapaa. Masoko mengi yaliumia. Namba ya soko la Ujerumani, iitwayo DAX, ilishuka katika mwaka ule kwa sehemu 12 hivi katika kila 100. Ile ya London haikushuka. Ilimaliza mwaka ikiwa juu kidogo ya ilipoanzia. Sababu moja kubwa ni kwamba Shell na BP walikuwa wakiuza kwa bei ya juu kile ambacho watu wengine walikuwa wakikinunua kwa shida.

RIBA

La tatu ni riba. Benki Kuu ya Uingereza, yaani Bank of England, ndiyo ipangayo riba ambayo benki nyingine huifuata. Mtu mwenye fedha ana njia nyingi za kuziweka. Akiweza kuikopesha serikali akapata shilingi 5 kwa kila 100 bila hofu kubwa, atajiuliza kwa nini ajitie katika hatari ya hisa. Tena kampuni zenye madeni hulipa zaidi riba ikipanda, na faida yao hupungua. Kwa hiyo mara nyingi riba ikipanda hisa hulegea, na riba ikishuka hisa huchangamka.

Walakini msiifanye kanuni hii kuwa kama jedwali la kuzidisha, lisilobadilika. Tangu Desemba 2021 mpaka Agosti 2023 Benki Kuu iliipandisha riba kutoka 0.1 katika kila 100 hata 5.25, na namba ya London haikuporomoka. Kumbukeni kwamba mabenki nayo yamo miongoni mwa wale 100, na benki hupata faida kubwa zaidi riba ikiwa juu. Jambo moja laweza kumwumiza huyu likamnufaisha yule, na namba ile hutoa jumla tu.

HOFU NA TUMAINI

La nne ni moyo wa binadamu. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 tufani kubwa iliipiga Uingereza upande wa kusini. Miti iling'oka kwa mamilioni, njia za reli zikazibwa, na Ijumaa ile madalali wengi hawakuweza kufika kazini. Siku hiyo hiyo bei zilianguka huko New York, na London haikupata nafasi ya kujibu. Watu wakakaa na hofu yao Jumamosi na Jumapili. Jumatatu tarehe 19 soko lilipofunguliwa, kila mtu alitaka kuuza, na wa kununua hakuonekana. Namba ilishuka karibu sehemu 11 katika kila 100 kwa siku moja. New York nayo ilishuka zaidi ya sehemu 22. Jumanne London ikashuka tena, zaidi ya sehemu 12.

Je, viwanda viliungua katika siku mbili zile? Bahari ilikauka? La. Meli zilikwenda na viwanda vilifanya kazi kama juma lililopita. Kilichobadilika ni matumaini tu. Na tazameni ajabu: mwaka 1987 ulianza namba ikiwa 1679, ukaisha namba ikiwa 1712. Mtu aliyelala usingizi Januari akaamka Desemba angalidhani mwaka ulikuwa mtulivu. Lakini aliyeuza kwa hofu tarehe 20 Oktoba alikuwa ameipokea hasara mkononi mwake, wala hapana aliyemrudishia.

Hofu nyingine huwa na sababu ya kweli. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba ugonjwa wa Korona umeenea ulimwenguni. Siku ya pili yake namba ya London ilishuka tena karibu sehemu 11 katika kila 100. Tarehe 9 Novemba mwaka ule ule kampuni ya Pfizer ilipotangaza kwamba chanjo yake imeonyesha nguvu, namba ilipanda karibu sehemu 5 kwa siku moja. Siku ile wagonjwa walikuwa bado wamelala hospitalini, na chanjo ilikuwa haijaanza kutolewa kwa watu wote. Soko halikungoja; lilinunua kesho kabla kesho haijafika.

THAMANI YA PAUNI

Sasa twafika kwenye swali la mwanafunzi wangu. La tano ni thamani ya pauni, sarafu ya Uingereza.

Kampuni zile 100 zina makao yake au jina lake London, lakini biashara yao imetawanyika duniani kote. Benki ya Standard Chartered ni mojawapo, na mzazi wake, Standard Bank, alifungua mlango Mombasa mwaka 1911. Wajuzi hukadiria kwamba zaidi ya theluthi mbili ya mapato ya kampuni 100 hizi hutoka nje ya Uingereza, na sehemu kubwa huja kwa dola za Marekani. Lakini hisa zao huuzwa kwa pauni. Basi fanyeni hesabu hii. Kampuni imepata dola 150. Ikiwa pauni moja ni dola 1.50, mapato yake ni pauni 100. Sasa pauni ikianguka hata kuwa dola 1.25, dola zile zile 150 ni pauni 120. Kampuni haikuuza hata sabuni moja zaidi, lakini katika daftari imetajirika kwa pauni 20.

Jambo hili lilitokea kweli. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura, na walio wengi wakachagua kutoka katika Umoja wa Ulaya. Kulipokucha, pauni ilianguka mpaka mahali ambapo haijapata kufika tangu mwaka 1985. Siku ile namba ya FTSE 100 ilishuka kwa sehemu 3 katika kila 100, lakini kabla ya juma moja kupita ilikuwa imekwisha rudi ilipokuwa, na zaidi. Ilikuwa imeuanza mwaka ule karibu na 6242. Ikaumaliza karibu na 7142.

Iko namba nyingine, FTSE 250, ya kampuni 250 zifuatazo kwa ukubwa, ambazo hufanya biashara zaidi na watu wa nyumbani. Hiyo ilishuka siku ile ile kwa sehemu 7 katika kila 100, ikashuka tena vibaya Jumatatu yake. Hapo ndipo mtu aweza kuona tofauti kati ya jahazi liendalo ng'ambo na mtumbwi uvuao karibu na pwani.

Na watu wa kawaida je? Uingereza hununua vyakula na vitu vingi kutoka nje, na pauni iliyodhoofika hununua vichache. Mwezi Juni 2016 bei za vitu zilikuwa zikipanda kwa nusu tu katika kila 100 kwa mwaka. Kufika Novemba 2017 zilikuwa zikipanda kwa 3.1, na mishahara ya wengi haikuweza kuzifuata. Basi namba ilipanda kwa sababu ile ile iliyompandishia mama wa nyumbani bei ya vitu vya dukani. Kuanguka kwa pauni na kupanda kwa namba hayakuwa mambo mawili yanayopingana. Yalikuwa pande mbili za mizani moja.

TUSIKIEJE NAMBA HII

Mwaka ule wa 2022, ambao namba ya London ilisimama imara, bei za vitu Uingereza zilikuwa zikipanda mwezi Oktoba kwa zaidi ya sehemu 11 katika kila 100 kwa mwaka, jambo ambalo halijaonekana kwa miaka 41. Watu walihesabu saa za kuwasha moto nyumbani wakati wa baridi. Msikilizaji aliyesikia namba tu angalisema nchi ina heri.

Wala namba haimwahidi kitu mtu mwenye haraka. Tarehe 30 Desemba 1999 ilifika 6930, na watu walikuwa katika furaha kubwa. Kisha ikaanguka, ikainuka, ikaanguka tena. Haikufunga siku juu ya pale mpaka Februari 2015, yaani baada ya miaka 15. Ni kweli kwamba mwenye hisa alikuwa akigawiwa faida kila mwaka, na faida hiyo haihesabiwi katika namba hii. Lakini aliyekopa fedha ili anunue katika siku zile za furaha, alilipa deni muda mrefu kabla ya kuona matumaini yake yakirudi. Kwa hiyo mtu akija kwenu na kusema, "Soko lapanda, leteni akiba zenu upesi," mwulizeni kwanza kwa nini lapanda, na mwulizeni tena atafanya nini litakaposhuka.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini mbiu haisemi ni jambo gani. Ni lazima mtu aende akaulize. Vivyo hivyo na namba hii. Mkisikia imepanda, ulizeni: Je, kampuni zimefanya kazi njema? Au mafuta yamekuwa ghali? Au riba imeshuka? Au watu wamepata tumaini jipya? Au ni pauni iliyoanguka? Na baada ya hayo ulizeni swali ambalo namba haijibu kamwe: wale wasio na hisa, wanaishije?

Niliporudi darasani baada ya siku mbili, niliandika ubaoni zile dola 150, nikamwachia yule mwanafunzi chaki azibadilishe kuwa pauni, mara ya kwanza kwa 1.50, na mara ya pili kwa 1.25. Alipopata 120 alisimama kidogo akiitazama. Kisha akasema, "Mwalimu, kumbe kilichokua ni hesabu, si mali." Nikamwambia akae, somo limekwisha.